Doa Jeusi Si Uchafu



Wiki hii nimepokea barua ya mama mmoja wa Mombasa. Ana binti wa miaka 13. Tangu mwaka uliopita shingo ya binti huyo imeingia weusi, hasa upande wa kisogoni, na ngozi ya pale imekuwa nene kidogo, ukiigusa ni kama kitambaa cha mahameli. Mama amejaribu dodoki, jiwe la kusugulia miguu, sabuni ya kufulia, na ndimu iliyotiwa chumvi, weusi umezidi. Siku ya kupaka hina katika arusi ya jamaa yao, shangazi mmoja alimshika mtoto kidevu mbele ya wanawake wote, akamgeuza shingo, akauliza iwapo nyumbani kwao hakuna maji. Tangu siku ile binti hataki kuvua ushungi hata akiwa ndani na dada zake. Mama ananiomba nimtajie dawa ya kung'arisha.

Mama yangu, jibu langu la kwanza ni fupi. Shingo ya mwanao si chafu. Weka chini dodoki na ndimu, usinunue krimu yoyote ya kung'arisha, na umpeleke kituo cha afya apimwe sukari. Sababu zake nitazieleza hapa chini, kwa kuwa naamini barua hii ingaliweza kuandikwa na mama wengi miongoni mwetu, kwa habari ya shingo, ya uso, ya kwapa au ya magoti.

Tuanze na asili ya rangi yenyewe. Rangi ya ngozi hutokana na kitu kiitwacho melanini. Hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, kisha hugawiwa seli jirani, nazo hupanda nayo kuelekea juu. Idadi ya seli hizi za rangi haitofautiani sana baina ya mtu mweupe na mtu mweusi. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya rangi inayotolewa. Na kazi ya rangi hiyo ni ulinzi. Ndani ya seli, melanini hukaa juu ya kiini mfano wa mwavuli, ikikikinga na miale ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao melanini yao ni haba, wanajua vyema gharama ya kuukosa mwavuli huo.

Basi ngozi inapoudhiwa, na moto, na kucha, na chunusi, na jua au na mabadiliko ya homoni mwilini, seli zile hufanya kile zinachokijua: huongeza rangi. Doa jeusi, kwa hiyo, aghalabu ni habari. Ngozi inatuarifu kwamba hapa palitokea jambo, au hapa pana jambo linaloendelea. Anayesugua doa kabla ya kuuliza limetoka wapi ni kama mtu anayempiga mjumbe badala ya kusikiliza ujumbe, na zaidi ya hayo, huko kusugua kwenyewe ni jeraha jipya litakaloleta rangi mpya.

Majumbani mwetu madoa haya huja kwa sura tatu zilizo za kawaida zaidi.

Sura ya kwanza ni weusi unaobaki baada ya jeraha. Chunusi imepona, kipele cha mbu kimekauka, ukurutu wa mtoto umetulia, tone la mafuta ya mahamri lililoruka mkononi limepoa. Lakini mahali pale pamebaki alama. Ngozi zetu zenye melanini ya kutosha huweka alama hizi kwa urahisi zaidi kuliko ngozi nyeupe. Ikiwa rangi imekaa katika tabaka la juu, doa huwa la hudhurungi au jeusi, na huondoka lenyewe taratibu kwa muda wa miezi. Ikiwa rangi imeshuka ndani zaidi, doa huelekea rangi ya kijivu au samawati, na huweza kukaa miaka. Lililo muhimu hapa ni kutibu chanzo. Mtu anayepaka dawa ya madoa ilhali kila wiki anaminya chunusi mpya anachota maji kwa pakacha.

Alama ya sijida katika paji la uso, pamoja na weusi wa magoti na vifundo vya miguu kwa anayekaa sana juu ya mkeka, ina asili inayokaribiana na hiyo. Ngozi inasuguliwa na kugandamizwa siku baada ya siku, nayo hunenepa na kuongeza rangi. Haina madhara. Anayetaka weusi wa magoti upungue, na atafute msala laini na mto wa kukalia, na apake mafuta ya kulainisha ngozi usiku. Kusugua kwa jiwe kutamrudisha alikotoka.

Sura ya pili ni mabaka ya usoni ambayo madaktari huyaita melasma. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume. Hujitokeza pande zote mbili za uso kwa mlingano, mashavuni, katika paji, juu ya pua na juu ya mdomo. Mara nyingi huanza wakati wa ujauzito, na pia kwa baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa homoni huziamsha zile seli za rangi. Katika baadhi ya familia hurithiwa. Si dalili ya jinsia ya mtoto aliye tumboni, wala si jicho la hasidi. Kwa baadhi ya akina mama hupungua miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kwa wengine hubaki, na jua likawa ndilo linaloyapa nguvu kila siku. Hata joto la jiko huweza kuyachochea, jambo la kukumbukwa na kila anayesimama mbele ya makaa saa nyingi.

Sura ya tatu ndiyo ya binti yetu. Weusi unaotanda kisogoni, kwapani au kwenye kinena, wenye ngozi iliyonenepa kidogo na laini kama mahameli, madaktari huuita akanthosisi nigrikansi. Jina ni refu, lakini maana yake ni ya kueleweka. Mwili una homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kuingiza sukari kutoka katika damu hadi kwenye seli. Mwili ukianza kuwa mzito wa kuisikiliza insulini, kongosho huitoa kwa wingi zaidi. Insulini hiyo iliyozidi huzichochea seli za ngozi zikakua na kurundikana mahali penye mikunjo. Hakuna uchafu hapo wa kuondolewa na dodoki. Ni ngozi yenyewe.

Si kila mwenye shingo ya namna hii ana kisukari. Aghalabu ni onyo linalotangulia, linalomfikia mtu wakati bado ana nafasi ya kugeuza njia. Huonekana zaidi kwa watoto na watu wazima waliozidi uzito. Kwa wasichana na wanawake, ikiambatana na hedhi isiyo na mpangilio na nywele kuota kidevuni, huweza kuashiria tatizo la ovari linalohitaji kuangaliwa. Mara chache hutokana na dawa fulani au ugonjwa mwingine. Na kwa mtu mzima, ikitokea ghafla na kusambaa haraka huku mwili ukikonda, ni lazima aonwe na daktari bila ya kuchelewa. Habari njema ni kwamba sababu ikishughulikiwa, weusi wenyewe hupungua pole pole. Hakuna krimu inayoweza kufanya kazi hiyo ya ndani.

Sasa tuyatazame mambo tunayoyafanya kwa nia njema na yanayotuzidishia.

La kwanza ni ndimu. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba ndimu hung'arisha. Lakini maji ya ndimu ni makali kwa ngozi, na zaidi ya hayo yana vitu ambavyo vikikutana na jua vikiwa juu ya ngozi husababisha muwako, malengelenge, na kisha madoa meusi ambayo hukaa wiki nyingi au miezi. Anayekamua ndimu barazani kwenye jua bila ya kunawa mikono huweza kuyapata vidoleni. Ndimu mahali pake ni kwenye samaki na achari.

La pili ni piko. Hina halisi, ile ya majani yaliyosagwa, hutoa rangi ya machungwa inayokolea hadi wekundu au hudhurungi, na hutaka saa kadhaa mkononi. Ile inayotoa weusi mkavu kwa muda mfupi huwa imechanganywa rangi ya kemikali ya kutilia nywele weusi. Kemikali hiyo, iitwayo PPD kwa kifupi, huwasha baadhi ya watu vikali mno. Ua zuri la mkononi huvimba, hutoka malengelenge, na baada ya kupona huacha alama nyeusi au nyeupe yenye umbo lile lile la ua. Baya zaidi ni kwamba aliyewahi kudhurika hubaki na mzio huo, na siku za usoni huweza kuumwa vibaya akitia nywele rangi. Watoto wadogo wasipakwe piko kabisa, hata siku ya Idi. Hina nyekundu inawatosha na inawapendeza.

La tatu, na hili ndilo zito, ni mkorogo na krimu za kung'arisha zinazouzwa bila ya maelezo ya kuaminika. Zenye hatari zaidi huwa na kimojawapo cha vitu vitatu, na wakati mwingine vyote.

Hidrokwinoni huzuia utengenezaji wa melanini. Mikononi mwa daktari wa ngozi, kwa kiasi maalumu na kwa miezi michache, ni dawa. Ikitumiwa kwa miaka bila ya usimamizi huleta jambo lililo kinyume cha lililotafutwa: weusi wa samawati wenye vinundu vidogo, hasa mashavuni na karibu na macho, uitwao okronosisi. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliuandika ugonjwa huu kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za namna hiyo. Kuuondoa ni kazi ngumu mno. Mwanamke huona uso unazidi kuwa mweusi, akaongeza krimu, na krimu ikaongeza weusi.

Steroidi kali, kama betamethasoni na klobetasoli, ni dawa za ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, za kutumiwa kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, mishipa ikaonekana, chunusi zikatoka kwa wingi na michirizi ikachanika mapajani na mikononi. Zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu huingia katika damu na huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Aliyezizoea asiache ghafla peke yake, kwa maana uso huweza kuwaka moto. Amwone daktari ampunguzie kwa utaratibu.

Zebaki ni sumu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Haibaki kwa aliyepaka peke yake. Hushika mikono, taulo na mito, na hewa yake huvutwa na watoto wanaolala chumbani humo. Huweza pia kumfikia mtoto aliye tumboni. Jina la mji wa Minamata huko Ujapani, ambako mwaka 1956 kuligunduliwa maradhi ya watu waliokula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani, ndilo lililopewa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupiga vita sumu hii, na vipodozi vyenye zebaki vimo miongoni mwa vilivyolengwa. Hapa Kenya pia vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku. Lakini marufuku iliyoko karatasini haiwezi kusimama mlangoni mwa kila duka. Kopo lisiloonyesha vilivyomo, lisilo na jina la mtengenezaji, au lenye maandishi ya mercury, calomel au Hg, lisiingie nyumbani. Vivyo hivyo krimu iliyochanganywa dukani na kutiwa kwenye kopo tupu.

Huenda dada mmoja akauliza: je, kutibu madoa si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Wanazuoni wetu hutofautisha baina ya kuondoa dosari iliyozuka, ambayo ni matibabu, na kuibadili rangi ambayo mja ameumbwa nayo. Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, imezitaja tofauti za lugha zetu na za rangi zetu kuwa ni katika ishara za Mola. Basi kutaka uso urudi rangi yake ya asili ni jambo moja, na kuichukia rangi ya asili ni jambo jingine. Mwenye suala mahususi amwendee sheikh wake. Mimi nasema tu kwamba kiafya, mstari huo huo ndio unaomtenganisha anayepona na anayejidhuru.

Tuje sasa kwenye utunzaji, ambao ni mwepesi kuusema lakini unahitaji subira.

Kinga na jua ndiyo nusu ya dawa. Mombasa iko karibu na nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua letu ni kali mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Tafuta kivuli baina ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwavuli si anasa. Ushungi na buibui la kitambaa kizito hukinga vizuri shingo na mikono, na anayevaa nikabu amepata kinga ya ziada. Lakini mashavu na paji lililo wazi huhitaji krimu ya kukinga jua yenye namba ya SPF 30 au zaidi. Kwa uso na shingo, kiasi kinachofaa ni mstari wa krimu uliojaza vidole viwili. Kwa mwenye melasma, ile yenye rangi ya ngozi ndani yake ni bora, kwa sababu madini ya chuma yanayoipa rangi huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huzidisha mabaka kwenye ngozi nyeusi.

Hapa huja swali la udhu. Maji ni lazima yafike kwenye ngozi, na krimu iliyoacha utando mzito huzuia. Njia isiyo na shaka ni kutawadha kwanza kisha kupaka. Tena tuna neema ndani yake: krimu ya jua hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili hivi kwa aliye nje, na anayenawa uso kwa ajili ya Adhuhuri na Alasiri amepata wakati wa kuirudia kwenye ngozi safi. Ukimaliza kutawadha, futa uso kwa kugusisha taulo laini, usisugue.

Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche na ya kufulia ni kwa ajili ya nguo. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mepesi ya kulainisha; ngozi kavu huwasha, ikiwasha hukunwa, na ikikunwa huongeza weusi. Marashi na manukato ya mafuta yapakwe kwenye nguo, si shingoni wala usoni kabla ya kutoka juani. Wapenda liwa na manjano hawakatazwi, mradi vipakwe bila ya kusuguliwa, visichanganywe na ndimu, na viachwe mara tu vinapowasha.

Miongoni mwa dawa za kupaka zinazosaidia ni niasinamaidi, vitamini C na asidi ya azelaiki. Hii ya mwisho kwa kawaida huruhusiwa hata kwa mjamzito, lakini amuulize daktari au mfamasia kwanza. Dawa za jamii ya retinoidi hazifai kwa mjamzito wala anayetafuta mimba. Anza na kitu kimoja tu, mara chache kwa wiki, baada ya kukijaribu nyuma ya sikio au kwenye mkono kwa siku kadhaa. Wanaopaka vitu vitano kwa pamoja huwasha ngozi, na mwasho huzaa doa.

Kisha subiri. Tabaka la juu la ngozi huchukua mwezi mmoja na zaidi kujibadilisha, na rangi iliyopo huondoka kidogo kidogo pamoja nalo. Usitarajie kuona tofauti ya maana kabla ya miezi miwili au mitatu. Bidhaa inayoahidi uso mpya kwa siku saba inakutangazia yenyewe kwamba ndani yake mna kitu cha kuogopwa. Kwa bibi arusi mtarajiwa nasema: utunzaji wa uso uanze miezi sita kabla, si wiki ya singo. Wiki hiyo ngozi isijaribiwe kitu chochote kipya.

Yapo pia madoa yasiyotakiwa kungojewa. Doa linalobadilika umbo, lenye kingo zisizo sawa, linalotoa damu au linalokua, lipelekwe kwa daktari. Watu weusi hupata saratani ya ngozi ya rangi mara chache, lakini inapotokea hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Basi mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja usidhaniwe kuwa ni hina iliyoganda. Na anayeona mwili mzima unazidi weusi, pamoja na mistari ya viganja na ufizi, huku akichoka, akikonda na kuhisi kizunguzungu, huenda tezi zake zilizo juu ya figo zina kasoro. Huyo aende hospitali haraka.

Narudi kwa mama yetu. Kipimo cha sukari ni cha damu kidogo tu, nacho hupatikana hata katika vituo vidogo. Waeleze pia kuhusu shingo, na uombe apimwe uzito na urefu. Matokeo yakiwa mazuri, alhamdulillah, una nafasi ya kuzuia. Yakiwa si mazuri, umeyajua mapema. Kwa hali zote mbili, kazi iliyoko mbele ni ya nyumba nzima na si ya mtoto peke yake. Soda na maji ya sukari yaondoke mezani, chai ipunguzwe sukari kwa kila mtu, mahamri yawe ya siku chache, na mbaazi, samaki na mboga viongezwe kwenye sahani. Mtoto atembee, aruke kamba, acheze na wenzake uani. Asiwekewe chakula chake kando kama mgonjwa wala asihesabiwe tonge mbele ya ndugu zake. Shingoni mwake papakwe mafuta ya kulainisha, na pasisuguliwe tena.

Limebaki neno moja kwa sisi shangazi, mama wadogo na mabibi. Binti huyu hakujificha kwa sababu ya weusi wa shingo. Alikuwa nao mwaka mzima na alikuwa akicheza. Alijificha siku tulipomwambia mbele ya watu kwamba ni mchafu. Dini yetu imefanya usafi kuwa sehemu ya imani. Kumwita mja msafi kuwa mchafu ni kumjeruhi mahali ambapo krimu haifiki. Lau shangazi yule angalimvuta mama pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini, dada, shingo ya mtoto mpelekeeni daktari, angalimsaidia kwa maneno yale yale machache.

Nakuomba basi, mama, mkirudi kutoka kituo cha afya, mweleze mwanao kwa lugha yake kilichosemwa. Mwambie kwamba shingo yake ilikuwa ikituletea habari, nasi tulichelewa kuisoma. Na shangazi mtu akisoma safu hii, mlango wa kumwomba mtoto radhi uko wazi, na haumpunguzii mtu mzima heshima yake.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu na atujaalie ndimi zenye kuponya. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.